Shofaji ya Ukuta wa Kati

Binti yangu wa kwanza alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, kiangazi kile cha uhuru, siku ambazo wazungu wa Uvira walikuwa wanafunga masanduku. Nilikuwa msaidizi wa mkunga katika maternite, nyumba ya uzazi ya mji, kwa hiyo nilielewa nilichokuwa nakiona masera, yule mtawa mkunga wetu, aliponilazia mtoto kifuani: ngozi nyembamba kama ya kitunguu, masikio laini yasiyosimama, na sauti ambayo haikufika hata mlangoni. Tulikuwa na sanduku moja tu la kioo la kutunzia watoto wa namna ile. Ndani yake walikuwa wamelala mapacha wa mwanamke mmoja wa Mutarule, na masera mwenyewe alikuwa ameshaambiwa avuke mpaka kwenda Usumbura pamoja na wenzake. Siku ya tatu aliniletea kipimajoto cha chumba, akanieleza kwamba pale anapolala mtoto pasipungue digrii thelathini, na joto lisiwe la kupanda na kushuka. Kisha akaondoka. Sikumwona tena.

Asiyejua atacheka. Digrii thelathini, Uvira, mahali ambapo saa sita mchana tunatafuta kivuli kama kuku? Lakini kiangazi upepo wa ziwa hauna adabu, unaingia chini ya milango, na asubuhi kipimajoto changu kilisoma kumi na tisa. Kwa mimi hiyo ilikuwa hewa nzuri. Kwa mtoto asiyefika kilo moja na nusu ilikuwa baridi ya kuua. Nilikuwa nimewaona watoto wa namna hiyo wakienda. Hawalii. Wanaanza kupoa miguuni, wanakataa ziwa la mama, wanalala usingizi mzito ambao mama anaushukuru.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme bandarini Kalundu. Tulikaa upande wa Nyamianda, katika nyumba ya matofali ambayo wakubwa wake walimpa: vyumba viwili, dari ya mbao, taa moja kila chumba. Siku ya tano baada ya uzazi mama yake alishuka kutoka vilimani, upande wa Mulenge, akiwa na kikapu cha maharage na mablangeti mawili ya sufu. Alimtazama mjukuu wake muda mrefu, halafu akatoka nje, akawasha babula, lile jiko la mkaa, akaijaza makala, akaiingiza chumbani na kufunga dirisha.

Niliamka kitandani nikaibeba ile babula mwenyewe hadi uani. Kidonda cha uzazi kilikuwa bado kibichi. Mama mkwe alinifuata akiuliza kama nimepata kichaa. Alisema amelea watoto sita kando ya moto, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moto; waliokufa walikufa kwa mambo mengine. Nilimweleza, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, kwamba nyumba ya vilimani imeezekwa nyasi na moshi unapata pa kutokea, lakini hii ya matofali haipumui. Nilimwambia juu ya mama niliyemwona mwaka uliopita, aliyefunga chumba na makala ndani, akakutwa asubuhi yeye na mtoto wake wamelala kwa uzuri, mashavu mekundu, wamekufa. Sikujua kama ameniamini au amenisikitikia.

Alichofanya baadaye sikukitegemea. Alifungua kanga yake, akamchukua mtoto akiwa uchi, akamweka katikati ya matiti yake makavu, akajifunga mablangeti yote mawili na kukaa ukutani kama mtu anayesubiri mvua ipite. Tukawa tunapokezana, yeye na mimi. Lakini mimi nilikuwa na homa iliyokuja na kwenda, na siku niliyokuwa na homa mtoto alitoka jasho. Na yeye alikuwa mzee, kifua kilimbana, na akilala shingo ilianguka upande. Niliogopa atamkandamiza. Nilikuwa nakaa macho nikimchunga anayemchunga mtoto wangu. Sikuweza kukaa, sikuweza kulala. Nilihesabu pumzi za mtoto, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Ndipo mume wangu alipokuja na habari ya depo. Pale bandarini mfanyabiashara mmoja Mgiriki alikuwa amejaza ghala lake vyombo vya wenye mashamba ya milimani, wale waliolima chai na kinini, mti wa dawa ya malaria. Walishuka na malori, wakakuta meli hazina nafasi ya makabati, wakaacha kila kitu. Huyo Mgiriki, ambaye naye alikuwa njiani kuondoka, alimwambia mume wangu achukue kitu kimoja anachotaka, kwa sababu alikuwa amemtengenezea taa za ghala miaka mingi. Wenzake walikuwa wanachagua redio na baiskeli. Yeye aliona shofaji, zile mashine za umeme ambazo wazungu wa huko juu walitumia kupasha nyumba joto. Alisema ziko kama kumi, za kila aina. Alisema kesho atachukua iliyo kubwa kuliko zote.

Nilimwambia asichague bila mimi. Alinikumbusha kwamba nimezaa juzi tu. Nilijua hilo. Asubuhi nilimwachia mama mkwe mtoto na maziwa niliyoyakamua kwenye kikombe, nikajifunga tumbo kwa kitambaa, nikapanda nyuma ya baiskeli.

Barabara ya Kalundu siku ile sitaisahau. Magari ya wazungu yalikuja mbele yetu kwa mstari, magodoro juu, yakielekea mpakani. Askari walikuwa wamewakataa maofisa wao wazungu, na kila mtu alisimulia habari yake. Mmoja alisema daraja la Ruzizi limefungwa, mwingine alisema limefunguliwa kwa wazungu tu. Mume wangu aliendesha bila kugeuka. Mimi nilifikiri jambo moja: kama wenye kuendesha mashine ya umeme ya mji nao wataondoka, nitakuwa nimechagua kitu cha kupamba ukuta tu.

Ndani ya ghala kulinuka karafuu na nguo za zamani. Mgiriki alikaa kwenye sanduku akinywa kahawa, akatuonyesha pembeni kwa kidole. Mume wangu alichomeka moja baada ya nyingine, na mimi nikaweka mkono.

Ya kwanza ilikuwa bakuli la shaba lenye waya uliojisokota katikati. Iliwaka haraka, nyekundu, na joto lake lilipiga uso kama kofi. Nilipogeuka mgongo, uso ulikuwa umeshapoa. Niliona upande mmoja wa mtoto ukiungua na mwingine ukiganda, na nikaona chandarua kikigusa ule waya. Nilisema hapana. Ya pili ilikuwa sanduku lenye feni ndani. Ilipuliza upepo wa moto kwa kelele, na pamoja na upepo vumbi la miaka. Mapafu ya mtoto wa miezi saba hayakuhitaji vumbi la mashamba ya watu. Nilisema hapana, na mume wangu akaanza kupumua kwa nguvu, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoipenda.

Za tatu zilikuwa bapa, za chuma kilichopakwa rangi nyeupe, za kufungwa ukutani. Hazikuwa na moto wa kuonekana wala sauti. Zilikuwa na kibuto cha kuzungusha chenye namba tatu. Ilikuwepo kubwa, pana kama mlango wa kabati, na ndogo isiyozidi kibao cha kusomea shuleni. Tulizichomeka zote mbili na kungoja. Tulingoja hadi Mgiriki akamaliza kahawa yake. Mume wangu alisema hazifanyi kazi. Lakini mimi nilikuwa nimeweka kitambaa chenye maji juu ya ile ndogo, na kilikuwa kimeanza kukauka kuanzia katikati, polepole, bila kuungua. Niliweka shavu langu karibu. Joto lilitoka sawasawa, juu na chini.

Alitaka kubwa. Nilimuuliza yeye kama fundi, si kama baba, waya wa nyumba yetu unaweza kubeba nini. Waya ule uliwekwa kwa ajili ya taa mbili. Alipiga hesabu kichwani, na niliona hapendi jibu analolipata.

"Kubwa itaunguza fyuzi," alisema mwishoni. "Labda itaunguza na nyumba."

"Basi tubebe kadogo," nilisema. "Minye sitafuti joto mingi. Nataka joto yenye kukaa."

Alikata waya mnene kutoka kwenye mabaki ya bandarini, kwa ruhusa, akauvuta moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Kisha tukagombana tena, mahali pa kuifunga. Yeye alitaka chini ya dirisha, kama alivyoziona katika nyumba za wazungu. Mimi niliona dirisha letu halina kioo kizima. Tulijaribu mahali patatu. Kila mara nililaza kipimajoto penye kitanda cha mtoto na kungoja, na mama mkwe, mtoto akiwa bado kifuani mwake, alitutazama kama watu wanaohamisha kabila zima. Mwishoni tuliifunga kwenye ukuta wa kati, ule usioguswa na upepo, kiasi cha goti kutoka chini. Tuliziba dirisha kwa kipande cha turubai tukiacha upenyo juu, tukaweka beseni la maji ili hewa isimkaushe, na kitanda tukakisogeza hatua mbili. Namba mbili ya kibuto ilitupa thelathini na moja.

Mama mkwe alishika ile shofaji, bapa kama sahani nyeupe, kwa kiganja, akakiondoa, akaishika tena.

"Huu moto hauna macho," alisema. "Muntu anajua namna gani kama umekufa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyosikia mwezi ule, na ndilo lililoninyima raha. Umeme ulikatika mara nyingi. Wengine waliokuwa wakiongoza mashine ya mji walikuwa wameondoka kweli, na waliobaki walikuwa wanajifunza kazi huku wakiifanya. Taa ikizimika unaona. Shofaji ikizimika huoni kitu, inabaki na joto la uongo kwa muda, halafu chumba kinaanza kushuka. Nilizoea kuigusa kila nilipopita. Nikiwa jikoni nilirudi kuigusa. Nikiwa msalani niliharakisha. Mume wangu alifunga taa ndogo kwenye waya uleule ili ituambie, na bado niligusa. Kila umeme ulipokwenda, mama mkwe hakusubiri kuambiwa. Alifungua kanga, akampokea mtoto, akakaa ukutani. Hakuwahi kusema kwamba alinionya. Ninamshukuru kwa hilo zaidi ya mablangeti.

Mtoto alianza kunyonya mwenyewe katika wiki ya nne. Katika ya saba alilia hadi jirani akaja kuuliza kuna nini, na nilicheka mpaka nikashika kidonda. Mapacha wa Mutarule, mmoja tu aliishi. Mama yao alipita kwetu kuaga, akasimama mlangoni akimtazama binti yangu, na sikujua niweke wapi macho yangu.

Baada ya hapo shofaji ilikaa ukutani bila kazi kubwa. Wakati wa mvua nilikaushia nepi, baadaye sare za kazi. Alizaliwa mvulana, kwa wakati wake, hakuihitaji. Mambo ya nchi yalikuwa yanapanda na kushuka, mawaziri wakibadilika kabla hatujazoea majina, mishahara ikichelewa, watu wa tambarare wakilalamika juu ya machifu wao. Sisi tulikuwa na watoto wawili na ukuta wenye sahani nyeupe. Niliamini tumekaa.

Waasi walipoingia mjini, binti yangu alikuwa na miaka karibu minne. Walishuka wakiimba, na majani vichwani, na askari wa serikali walikuwa wamekimbia kabla ya kuwaona. Siku za kwanza tulifungiwa ndani. Halafu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta foni, zile redio za kuzungumza na jeshi. Aliyekutwa na kitu chenye waya alikuwa na maelezo ya kutoa, na si wote waliorudi baada ya kuyatoa.

Walifika kwetu asubuhi, wanaume wanne. Redio yetu ya kusikilizia walikuwa wameshaichukua, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Mmoja alisimama chumbani akaiona sahani nyeupe, waya mnene, taa ndogo na kibuto chenye namba. Alimwita mwenzake. Mume wangu alieleza. Alieleza vizuri mno, kama fundi, kwa maneno ya Kifaransa ya kazi, na kila neno lilizidi kumtia hatiani. Uvira yote inatoka jasho, walisema, nani anaweka mashine ya joto ndani ya nyumba? Wakaamuru awashe waone. Mji haukuwa na umeme tangu walipoingia. Wakaing'oa na vipande vya plasta, wakambebesha mwenyewe mabegani, wakaondoka naye.

Nilimwachia mama mkwe watoto. Alikuwa hajarudi vilimani tangu mwaka ule wa kwanza, na sasa mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyouzoea. Alinishika mkono akaniambia nivae viatu. Sikuwa nimeona kama niko miguu mitupu.

Ofisini kwao, nyumba ya zamani ya serikali, niliwakuta watu wengi wamekaa chini uani, wake kwa waume, wakingoja. Sikungoja. Sijui hadi leo nilipata wapi ujeuri ule. Nilipita katikati yao nikasema mlangoni kwamba nimekuja kwa ajili ya mashine nyeupe, kwamba mwenye mashine ni mimi. Mlinzi alinitazama, akaenda ndani, akaniita.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye kona. Sahani ilikuwa juu ya meza. Nyuma ya meza alikaa mtu wa makamo, komanda, mwenye koti la jeshi na viatu vya mpira, aliyekuwa akiigeuzageuza kwa utulivu. Nilisimulia hadithi yote, mtoto, masanduku, ghala. Hakuinua macho.

"Weye njo ulichagua hii?" aliuliza.

"Njo minye, baba."

"Ikianza kupoa, inafanya nini?"

Wale wengine walicheka kidogo, wakidhani anatania. Mimi niliona hatanii. Niliyafunga macho, nikawa tena katika kile chumba, nikiwa nimelala chini kando ya kitanda na sikio likingoja.

"Inalia," nilisema. "Tik, tik, kama muntu anavunja vijiti. Kisha inanyamaza."

Akaiweka sahani mezani. Aliwaambia wenzake kwamba miaka sita alikuwa boi katika nyumba ya mzungu mmoja wa kinini huko juu, na kila asubuhi alizipangusa vumbi, nne, nyeupe kama hii, na mara ya kwanza alipoisikia inalia alikimbia akidhani kuna nyoka. "Hii iko shofaji," alisema. "Acheni huyu muntu asimame."

Mume wangu aliweka kiganja ukutani ili ainuke. Nilimshika kwapani.

Wangetuachia hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini komanda alikuwa amesikia kwamba ni fundi, na siku iliyofuata walimchukua kwa heshima, wakamweka kwenye mashine ya umeme ya mji, airudishe kufanya kazi. Aliirudisha. Taa ziliwaka Uvira kwa wiki kadhaa kwa mikono yake, na kila zilipowaka nilifikiri juu ya watu watakaouliza baadaye nani aliyeziwasha. Sahani waliturudishia. Iliegemea ukuta chini ya shimo la plasta, na hakuna aliyezungumzia kuirudisha juu.

Habari zilipofika kwamba jeshi la serikali linakuja, tuliondoka asubuhi moja kama tunaokwenda shamba, jembe begani, mama mkwe akitangulia kwa njia zake za milimani. Tulipanda siku mbili. Kwao kulikuwa na ukungu na baridi ya kweli, ile inayoingia mifupani, na nyumba ya nyasi yenye moto katikati usiozimwa. Nilikaa kando ya moto ule na watoto wangu miezi mingi, macho yakiwasha kwa moshi, na nilikuwa mtu wa mwisho kulalamika. Binti alikohoa, akapona, akajifunza kufuata ndama. Mume wangu hakuweza kukaa. Alizunguka boma, alitengeneza visivyoharibika, alisimama mahali panapoonekana ziwa chini, kama bati lililoanikwa, kisha akarudi.

Mama mkwe alifia huko, mwanzoni mwa mvua, kwa kile kifua chake. Tulimzika kwao, kisha tukashuka, kwa sababu sasa hatukuwa na mwenyeji.

Nyumba ya Nyamianda tulikuta watu wengine ndani. Walikuwa na karatasi, sisi hatukuwa nayo. Walituruhusu kutazama, lakini hakukuwa na cha kutazama, hata ile shofaji haikuwepo. Mume wangu aliitwa na wakubwa wa serikali kujibu kuhusu zile taa, siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaachiwa, kwa sababu mashine ilikuwa imesimama tena na hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza. Mimi nilirudi maternite.

Tangu hapo tulihama nyumba tano. Kila moja ilikuwa na jambo: ya kwanza iko karibu mno na barabara, nyingine ina mlango mmoja tu, nyingine jirani anatazama sana. Mume wangu ndiye aliyezikataa. Alilala upande wa mlango, na hakuruhusu kitu chochote kipigwe msumari ukutani, hata kalenda ya parokia. Alisema ukuta ukiwa mtupu hauna maswali. Vitu vyetu vyote vilikaa sakafuni, vimeegemezwa, tayari.

Katika nyumba ya tano, binti yetu alipokuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, nilimnunulia kioo cha kujitazamia chenye fremu ya mbao. Kilikaa wiki mbili chini, na ilimbidi apige magoti ili aone uso wake. Jumamosi moja baba yake akiwa kazini niliazima nyundo kwa jirani. Nilipiga msumari mmoja, mrefu, na plasta ikamwagika miguuni kwangu, na nikatazama mlangoni kama ninayeiba. Nikakitundika.

Aliporudi alikiona kabla hajavua kofia. Alisimama mbele yake. Binti alikuwa nyuma yangu, ameshika sketi yangu. Niliyatayarisha maneno yangu yote. Lakini aliinua mkono, akakinyoosha kidogo upande wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nimekitundika kombo, akauliza kama kuna chakula.

Nilimwambia kipo.